Lori Lililorudi Saa Saba

Kijiwe changu cha kahawa kinatazamana na geti la ghala linalosambaza sabuni na mafuta ya kupikia madukani. Malori manne hutoka asubuhi na kurudi jua likizama, madereva wako hoi. Wiki iliyopita meneja aliwaambia wazi: gharama zisiposhuka, ghala linafungwa. Juzi dereva mmoja, tunamwita Breki, na karani wa ghala, Bi Mihuri, wakakaa kwenye benchi langu wakichora njia za maduka mezani kwa vidole vilivyolowa kahawa. Leo saa saba mchana lori la Breki likaingia getini, tupu. Mwenyewe akavuka barabara mbio.

— Nimiminie, shangazi! Maduka kumi na tisa, nimemaliza!

— Umeruka mengine wewe, akasema Fundi Soli, anayeshona viatu pembeni ya benchi.

— Sijaruka hata moja! Zamani mzigo wa duka la kwanza ulikuwa unakaa chini ya mizigo yote. Kila tukisimama, shusha nusu lori, pandisha tena. Mgongo unalia! Leo Bi Mihuri kapanga kinyume: duka la mwisho ndani kabisa, la kwanza mlangoni. Nafungua, natoa, naondoka!

Bi Mihuri naye akafika, vidole vina wino.

— Na mihuri mitatu ya kutokea getini nimebakiza mmoja. Zamani saa nzima lori linanguruma pale, linakunywa dizeli, eti mkuu wa stoo amalize chai!

— Bi Mihuri bila mihuri! Breki akacheka. Tukuiteje sasa?

— Niiteni Bi Upesi!

Fundi Soli akasimama, kiatu cha mtu mkononi.

— Ngojeni! Akirudi saa saba, si anapiga safari ya pili? Malori mawili yanatosha!

— Mawili ya nini? Breki akadakia. Maduka yote yahamie mtaa mmoja, lori moja basi!

— Yahamie humo humo ghalani! akasema Fundi Soli.

— Hata ghala la nini? Kiwanda kitoboe ukuta, mteja aingize mkono achukue sabuni yake!

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Bi Mihuri akainua mkono.

— Sikieni basi. Meneja kaona lile lori. Kasema tukiendelea hivi, ghala halifungwi.

Breki akamkumbatia Fundi Soli, kiatu na yote. Mimi nikapiga vigelegele.

Hapo akasogea dada mmoja, bahasha kwapani, viatu vimepigwa kiwi vikang'aa.

— Samahanini, jamani. Mimi ndiye dereva mpya, nimechukua nafasi ya mzee aliyestaafu. Naanza Jumatatu, lori namba nne. Ndilo lipi?

Breki akatua kikombe. Bi Mihuri akatazama vidole vyake. Fundi Soli, aliyesema malori mawili yanatosha, akaitafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake.

Nikamsogezea dada nafasi kwenye benchi.