Minazi Kumi na Mmoja ya Matsangoni

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Mbeyu Sanga anafunga mlango wa chumba cha mirathi katika afisi yetu ya mawakili hapa Malindi, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minane ya kazi. Aliajiriwa Machi 1992 kuwa mpiga chapa, akawa karani wa mirathi mwaka 1996, na anastaafu akiwa karani wa mirathi. Msomaji makini atauliza: miaka yote hiyo hakupandishwa cheo? Kwa sababu ya swali hilo niliomba kuuandika wasifu huu mimi, na kwa sababu ya swali hilohilo nimeuandika mara nne.

Kwa wenzetu wapya, kazi yake ni hii. Mtu akifariki, kabla warithi hawajagawana chochote, huandikwa orodha ya alichoacha, ya wanaomdai na ya anaowadai. Hulipwa gharama za mazishi, hulipwa madeni, na kinachobaki ndicho urithi. Wengi huja wakidhani mambo huenda kinyume. Bi Mbeyu huwaketisha, huwapa maji, kisha huuliza kwa sauti ya upole ambayo imewanyima usingizi wana wa marehemu wengi: "Poleni sana, wanangu. Sasa, baba alikuwa akidaiwa na nani?"

Hajui kuandika uongo hata mdogo. Familia moja ya Vitengeni ilikuwa na mbuzi mmoja katika orodha, na wakati tangazo lao la mirathi likingoja siku zake thelathini za pingamizi gazetini, mbuzi akazaa pacha. Kila mtu alimwambia ayaache hayo. Bi Mbeyu alikwenda akawaona, akarudi, akasahihisha: "Mbuzi mmoja, sasa watatu." Hakimu alicheka mpaka akavua miwani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu tulimsifu miaka yote na tembo lake halikuonja maji.

Siri ya kazi yake ilikuwa miguu. Hakuamini orodha iliyoandikwa barazani. Alivaa raba, akajifunga leso kiunoni, akatembea shamba zima. Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Mtu huuza shamba asiuze miti, au hulipa deni kwa miti akabaki na ardhi yake, na mara nyingi hakuna karatasi, kuna majirani tu. Kwa hiyo Bi Mbeyu alisimama chini ya kila mti akauliza, "Huu ni wa nani?" Warithi wenye haraka walichoka kabla ya mti wa kumi.

Sasa nimefika mahali ambapo mara tatu nilirarua karatasi.

Aprili 2013 Bi Mbeyu alikuwa likizoni akimuuguza mamake. Mimi Japheth Mwaro, karani wa miaka miwili, nikatumwa Matsangoni kuorodhesha mali ya marehemu Kambi Ngowa. Asubuhi ile alinipigia simu: "Japheth mwanangu, utembee. Usikae." Nikakaa. Jua lilikuwa kali, viatu vyangu vilikuwa vipya, na wana wa marehemu walinitolea kiti barazani wakanikatia madafu mawili. Wakataja mali, nikaandika: "Shamba la ekari nne na vilivyomo vyote." Maneno yale ya mwisho yalinipendeza sana. Nilijiona wakili kamili.

Katika shamba lile mlikuwa na minazi kumi na mmoja ya mjane aitwaye Kabibi. Marehemu Kambi aliitoa kumlipa mume wa Kabibi deni la zamani, mbele ya majirani, na kwa miaka kumi na saba Kabibi aliangusha nazi zake bila mtu kumuuliza. Zilimsomeshea watoto. Wana wa Kambi walijua hayo yote lakini hawakusema, nami sikuuliza. Hata yale madafu yaliangushwa kutoka kwenye mnazi wake.

Bi Mbeyu aliporudi alikuta fomu ya orodha ile mezani. Akaniuliza kama nilitembea shambani. Nikasema nilitembea. Akaniamini, akatia sahihi.

Mahakama ikaithibitisha orodha, mwaka uliofuata wana wakauza shamba, na mnunuzi, ambaye hakuwa na kosa lolote, akaikata minazi ili ajenge nyumba za kupangisha. Kabibi alikuja afisini amevaa nguo zake za kanisani. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Alisema: "Nimeambiwa hapa mwaandika mali za wafu. Mimi ni hai, wanangu. Mbona minazi yangu imeandikwa?"

Bwana Mustansir, mkuu wa afisi, alituita sote wawili akauliza kosa ni la nani. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua. Bi Mbeyu akanitangulia: "Sahihi ni yangu, bwana." Na kweli ilikuwa yake. Nikajificha nyuma ya ukweli wake nikafunga mdomo, na sijawahi kujiona mdogo kama siku ile. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, mwenye mke na tai shingoni.

Julai 2014 Bi Mbeyu alikuwa awe karani mkuu. Cheo kikaahirishwa, kisha kikasahauliwa, na mwaka 2016 nikapewa mimi. Siku yangu ya kwanza katika kiti kile aliniletea mahamri ya moto, nikala. Kabibi aliandikiwa barua ya pole yenye mhuri wetu. Barua haina nazi. Nami kwa miaka tisa nimekuwa nikiwafundisha makarani wapya umuhimu wa kutembea shamba zima, na wananiita mwalimu.

Wiki mbili zilizopita Bi Mbeyu alikuja mezani kwangu na karatasi zake mwenyewe. Alitaka orodha ya mali yake ihifadhiwe afisini, watoto wake wasije wakasumbuka. "Usinitazame hivyo, mimi ni mzima," akaniambia. "Lakini mwosha huoshwa." Nikasoma. Shamba la Gede, ekari mbili. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala: "Minazi kumi na mmoja ya upande wa barabara si yangu. Ni ya Kabibi wa Matsangoni na watoto wake, tangu Septemba 2014."

Nilisoma mstari ule mara kadhaa. Kumbe baada ya kunyang'anywa cheo kwa kosa langu, alikuwa amemchukua Kabibi hadi Gede, akawaita majirani, akamkabidhi mti baada ya mti mpaka ikatimia hesabu ya ile iliyokatwa. Hakutoa tangazo wala hakuniambia neno. Nami kila Jumapili hupita barabara ile nikienda kwa wakwe zangu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Gede nikatembea. Chini ya kila mnazi niliuliza ni wa nani, na majirani wakanijibu bila kusita. Kabibi mwenyewe alikuwako, amekuja na bintiye Purity kuchukua nazi. Nikamwamkia, nikamweleza ni nani aliyekaa barazani kwa Kambi akinywa madafu. Nilitarajia matusi, na ningeyashukuru. Aliendelea kupanga nazi zake guniani, kisha akasema: "Mwenzio alinambia zamani. Twangoja uje mwenyewe."

Basi nimekuja, nimechelewa miaka kumi na mmoja. Barua yangu kwa Bwana Mustansir iko mezani kwake tangu Jumatatu. Nimeomba faili la Bi Mbeyu lisahihishwe kabla ya Ijumaa ili aondoke na jina lake safi, na kuhusu kiti changu nimemwachia aamue. Wapo wenzangu walionishauri kwamba wasifu wa mstaafu si mahali pa mambo haya, kwamba tule keki tumpe zawadi yake. Keki ipo, na ile cherehani mliyoichangia ipo. Lakini nisingeweza kusimama mbele yenu nimsifu kwa uaminifu huku nimeikalia haki yake.

Ukurasa wa mwisho wa orodha yake una nafasi ya kuandika majina ya watu anaowadai. Bi Mbeyu alikuwa ameandika "Hakuna." Mimi bado ni karani mkuu, na karani mkuu hapitishi orodha yenye makosa. Nimelikata neno lile, nikaandika hapo jina langu kamili.

Asante, Bi Mbeyu, kwa miaka uliyotupa na kwa ile tuliyokunyang'anya. Tunakutakia mapumziko mema na siku nyingi za afya. Na tunakuomba radhi, afisi nzima kwa kutouliza, na mimi kwa kunyamaza.