Kanga ya Bi Fadhiya

Kwenye tuktuk ya kwenda mtaa wa Tudor, muuza kanga mmoja alikuwa akimsifu bosi wake kwa mama asiyemjua. Mimi niliyekaa katikati yao nilijifanya kiziwi.

"Nilikata doti, ile jozi ya kanga, vibaya, mkasi ukapita juu ya maandishi. Nikaenda mwenyewe kumwambia Bi Fadhiya. Wallahi hakunigombeza! Alijitanda kile kipande kilichoharibika, akawauzia wateja nacho kutwa. Tangu siku hiyo, sote tukikosea twamkimbilia yeye. Alhamdulillahi."

Mama akabetua mdomo. "Atawaharibu huyo. Mimi nina wafanyakazi saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunijia na kosa."

"Hawakosei, mama, au hawakwambii?"

Tuktuk ikasimama mlangoni kwa yule mama. Mama hakushuka.