Kuku Anatafuta Tochi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu ulioegemea ukuta wa duka la vyuma, na mguu wake wa nne ni jiwe, kwa sababu mguu halisi uliaga dunia siku Spana aliposimama juu ya benchi kuonyesha jinsi mtu anavyoruka kutoka kwenye baiskeli isiyo na breki. Shangazi wa kahawa hukaa mkabala, jiko la makaa mbele ya magoti, vikombe ndani ya ndoo, masikio wazi kuliko duka lolote la mtaa ule. Kila alasiri kazi zikipoa, watu walewale hukaa mahali palepale. Spana, fundi baiskeli, ana grisi mpaka kwenye maneno. Muhuri, tarishi mstaafu, alibeba mafaili ya wakubwa maisha yake yote. Hakuruhusiwa kufungua hata moja, lakini ukimuuliza atakueleza yote yaliyokuwamo. Na kule mwisho, upande wa jiwe, hukaa fundi mizani, mwanamume mpole, shati lake limepigwa pasi mbele tu, mgongoni limejikunja kama uso wa mtu aliyenuna. Huyo wamembandika jina Kuku, maana jua likianza kuinama tu, yeye huyo, anaaga akalale.

Wao walidhani ni utani. Sogea karibu basi, hili si la kupigiwa kelele: jina lile lilikuwa la kweli kuliko waliolitoa walivyojua. Mchana macho ya fundi mizani hayana mfano. Huuona mshale wa mizani ukiwa umepinda unene wa unywele. Lakini giza likiingia, macho yanafunga kama duka. Hakumwambia mtu. Nani atampelekea mizani yake fundi asiyeona? Mtaa haujui kutenganisha mchana na usiku. Likishasemwa "haoni," basi haoni. Kwa hiyo aliondoka mapema, na kwa kuondoka mapema hakuwahi hata siku moja kusikia mwisho wa hadithi ya Spana. Kesho yake wenzake wakiyacheka ya jana, naye hucheka, akichelewa kidogo nyuma yao.

Juzi hadithi ilikuwa tamu mno, akajisahau. Njiani akatumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko, nyuma ya mashine ya kupasulia mbao. Goti likachunika. Akakaa mle chini akisikia nyayo za watu zikipita juu, akaona haya kuita. Alipofika kwake kwa kupapasa ukuta, akaapa: atanunua tochi ya kukaa mfukoni kila siku, naye akae kijiweni mpaka mwisho kama watu.

Ndiyo maana alasiri ile alikuja na tochi mbili, akazilaza juu ya ubao.

— Haya, nichagulieni. Mwenye duka kaniruhusu nizijaribu. Zote kichwa kinavutika. Ukikivuta mbele, mwanga unajikusanya, unakwenda mbali. Ukikirudisha, unatawanyika hapa karibu. Hii ndefu inakula betri tatu. Hii fupi ni ya kuchaji.

Spana alishaichukua ile ndefu, anaipima mkononi kama anayetaka kumpiga mtu.

— Hii hapa! Wala usiumize kichwa. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sasa ukiwa na hii ndefu, huinami!

— Wahenga gani hao, wa kwenu? Muhuri akauliza. Tochi ya kila siku ni fupi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kibaba ni mfuko. Fikiri.

— Msimwekee mfukoni, Shangazi akadakia, akipuliza makaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Jirani yangu aliweka simu mfukoni, sasa hivi hana simu wala mume.

— Mume naye alikuwa mfukoni?

— Ujumbe wake ndio uliokuwa mfukoni, mwanangu. Kunywa kahawa.

Wakacheka. Kuku naye akacheka, safari hii kwa wakati wake, maana jua lilikuwa bado juu ya paa. Kisha akarudi kwenye lake.

— Lakini kati ya mwanga mpana na mwanga mwembamba, upi unamfaa mtu anayetembea?

Kichwani alishaipiga hesabu ya njia yake mwenyewe. Kwenye mtaro anataka mwanga mpana, aone kingo zote mbili. Kwenye ngazi za nje zisizo na mahali pa kushika anataka mpana vilevile. Lakini kule juu, kwenye ujia wenye milango inayofanana kama mayai, anataka mwanga mwembamba umfikie mlango wa mwisho, asije akatia ufunguo kwa mtu kama alivyofanya mwaka jana, mtoto wa watu akapiga yowe mle ndani. Hayo yote aliyajua. Ila kuyasema ni kuanza kuufunua ule mtaro, na ukishaufunua mtaro, macho yanafuata.

— Mwembamba, Spana akasema. Mwanga uliokusanywa ni mzito. Mjomba wangu alimmulika mwizi kwa mwanga wa namna hiyo, yule mwizi akakwama katikati kama nzi kwenye asali. Hasogei mbele wala nyuma!

— Acha uongo.

— Haki ya nani. Mjomba akachoka mkono, ikabidi amwite mkewe amshikie tochi ili yeye akale.

— Na mwizi?

— Naye alipelekewa sahani yake. Utu ni utu.

Muhuri akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesoma barua iliyokosewa anwani.

— Mwembamba ni sawa, lakini sababu yako ni ya gereji. Sababu ya kitaalamu ni kwamba mwanga mpana ni ubadhirifu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukishautawanya mwanga, utauzoa na nini?

— Kwani mwanga ukitawanyika unaenda wapi? Spana akauliza.

— Ndiyo swali lenyewe hilo. Pale ofisini kwetu kulikuwa na chumba hakina taa wala dirisha, lakini ukigusa mlango wake, wa moto. Mwanga wote wa zamani ulikuwa umehifadhiwa humo.

— Uliuona?

— Sikuruhusiwa kuingia.

— Tochi ikizima ghafla je? Kuku akauliza. Katikati ya njia.

— Unasimama hapohapo unangoja asubuhi! Spana akasema, na benchi zima likatikisika kwa kicheko, hata lile jiwe.

Kuku hakucheka. Alikuwa mtaroni.

Shangazi alimwona. Yule mwanamke haoni mambo nusunusu. Akiona moshi huwa ameshapika chakula chote kichwani.

— Mwacheni baba wa watu. Mwanamume mzima hatafuti tochi bila sababu. Kuku, sema kweli, huyo mama anakungoja wapi?

— Nilijua! Spana akaruka. Ndiyo maana anatukimbia kila jioni! Anawahi wali ukiwa moto!

— Ni mjane yule muuza vitambaa, Shangazi akasema. Nimesikia ananunua vitunguu vya watu wawili.

— Hapana, mimi nasikia ni mwalimu, Muhuri akasema.

Fundi mizani akainamia kikombe chake, akatabasamu. Hakukubali, hakukana, aliyaacha maneno yakae yalipokaa. Chumbani kwake kuna viti viwili, kimoja hukaa yeye, kingine huning'inizwa suruali. Lakini ilikuwa na raha yake kidogo, kusikia pale benchini kwamba kuna mahali taa inawashwa kwa ajili yake. Kila waliposema, yule mama alizidi kupendeza. Leo alikuwa amepata hata kazi ya ualimu.

— Kama ni mapenzi, Spana akasema, basi chukua ndefu. Ukifika kona unavuta kichwa, unamulika dirisha lake. Mwanga unagonga hodi.

— Utawaamsha majirani, Muhuri akasema. Hamjui kwamba giza halifi? Ukilisukuma hapa linahamia kwa jirani. Wewe una tochi, yeye anajikwaa. Ndiyo maana mtaa mzima hauelewani.

— Kwa hiyo jirani yangu akiwasha taa, giza la kwake linakuja kwangu?

— Lote. Ndiyo maana kwako ni kweusi hata mchana.

— Kwangu ni kweusi kwa sababu ya moshi, mzee!

— Na moshi ni nini, kama si giza linalosafiri?

Ndipo akatokea mpaka rangi mmoja wa nyumba, mgeni kabisa pale, ndoo mkononi, nywele zimetapakaa rangi nyeupe mpaka amezeeka upande mmoja. Akasalimia wote, akaomba kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Shangazi akasema, akimtilia iliyokuwa chini kabisa ya birika.

Kuku akalisogelea jiwe, akampa nafasi. Yule mgeni akanywa akisikiliza: mwizi aliyekwama, chumba cha mwanga wa zamani, giza linalohamia kwa jirani. Mwisho akafuta mdomo.

— Samahani wazee wangu, mimi nimepita tu. Lakini nawasikia mnachagua tochi. Huyu mzee anaishi wapi? Njia yake ikoje? Kama ina mashimo, atataka mwanga wa karibu. Kama ni ndefu na imenyooka, atataka wa mbali.

— Aah, swali gani hilo! Spana akasema. Kuku si anakaa...

Akanyoosha mkono wenye grisi. Mkono ukaenda kushoto, ukasita, ukaenda kulia.

— Anakaa kule.

— Kule wapi?

— Kule anakoelekeaga.

Mpaka rangi akamgeukia fundi mizani mwenyewe.

— Mzee, unakaa wapi?

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nyuma ya mashine ya mbao, ngazi za nje, mlango wa mwisho. Maneno machache tu. Lakini akayameza. Alikuwa amekaa na watu hawa tangu benchi lina miguu yake yote minne. Alijua Spana analala ubavu wa kulia kwa ajili ya jino. Alijua Muhuri hapokelewi simu na mwanawe wa kwanza. Shangazi alipougua, ni yeye aliyemtengenezea jiko lake bovu.

— Waulize hao, akasema taratibu. Ni rafiki zangu.

— Basi ni rahisi, mpaka rangi akasema.

— Rahisi sana, Muhuri akasema, akanyoosha shingo kama anayeitwa na mkubwa. Ni ile nyumba ya bati jekundu. Karibu na kisima.

— Siyo hiyo, Kuku akasema.

— Si ulihama, lakini?

— Sijahama.

— Mimi namwona akikata kona ya mashine ya mbao, Shangazi akasema.

— Halafu?

— Halafu haonekani tena.

— Ngoja, ngoja, Spana akasema. Siku ile ulipopata homa, tulikuja kukuona. Tulipanda wapi vile?

— Hamkuja. Mliniambia mtakuja.

Spana akaitazama ile tochi ndefu mkononi mwake. Akaisukuma kichwa, akaivuta, akaisukuma. Mwanga ukapanuka ukutani, ukasinyaa kuwa kitone. Jua lilikuwa limeshagusa paa la duka la vyuma, na rangi za vitu zilianza kuondoka moja moja. Ndoo ya mgeni ilishakuwa kivuli.

— Kuku, Shangazi akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Jua hilo linazama. Saa yako imefika, baba. Si unajua huyo mama...

— Hakuna mama, Shangazi.

Kahawa ikachemka jikoni, hakuna aliyeiepua.

— Basi tuambie unakaa wapi, Spana akasema. Mwenyewe si upo hapa? Tuambie tukuchagulie tochi.

Fundi mizani akawatazama walipokuwa wameketi. Uso wa Muhuri ulikuwa umeshapotea, ilibaki kofia. Baada ya kofia utaondoka weupe wa nywele za yule mgeni, kisha makaa yatabaki peke yake, doa jekundu lisilomulika kitu. Akaweka mikono miwili juu ya magoti, lile zima na lile lililochunika. Hakusimama.

— Fikirini tu, akasema. Mimi leo sina haraka.

Akageuza sikio upande wa Spana, kisha upande wa Muhuri, akangoja.