Papa Noeli Asiye na Kitenge

Papa Noeli, yule Baba Krismasi wa suruali nyekundu na ndevu nyeupe za bandia, alipanda teksi ya Kasubi jua likiwaka, akaketi kando ya Oduor.

"Karibu, mzee," Oduor alisema, naye akajibiwa kwa sauti ya mwanamke.

"Asante, kaka. Mimi ni Kavugho. Watoto wa kanisa letu wananingoja kwenye makaburi ya wafalme, hapo Kasubi. Niliwaahidi Papa Noeli ataingia nao, na kitenge nimekisahau nyumbani."

"Kitenge cha nini?"

"Mwanamke haingii pale na suruali. Lazima ajifunge kitambaa."

"Lakini wewe una ndevu."

"Mlinzi wa lango ni jirani yangu. Ananijua hata nikivaa pembe."

"Basi vua ndevu, uingie kama mama."

"Suruali bado ni hii hii, kaka. Na watoto niwaambie Papa Noeli amekufa?"

Abiria wengine walikazia macho simu zao, bila hata mmoja kugusa kioo cha simu; wote walikuwa wakisikiliza.

Oduor alikuwa amebeba leso mpya, kitambaa cha kujifunga kiunoni, zawadi ya Krismasi ya kumpelekea mama yake kule Busia. Alimwona Kavugho akijikuna gundi ya ndevu tangu kituo cha Nakulabye, akaona atazivua kabla ya kushuka, hapa hana hasara.

"Ukishuka pale soko la Kasubi na hizo ndevu, wauza matoke wakutazame, nakupa leso ya mama yangu."

"Utajuta."

Teksi ikasimama. Kavugho akashuka na ndevu zake zote, soko zima likamgeukia. Oduor akakumbuka kwamba asubuhi ile mama yake alikuwa amepiga simu kuuliza leso ni ya rangi gani.

Oduor akafungua begi, akaipitisha dirishani.

"Funga kwa nguvu, Papa Noeli. Ikiwa mpya huteleza."