Dada Masafa na Sauti ya Alhamisi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mwenzetu wa chumba cha usikilizaji anavua hedifoni na kustaafu. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi wetu tumelisahau. Kwetu sisi ni Dada Masafa. Hata mkuu wa kituo humwita hivyo vikaoni, kisha hukohoa kidogo na kujirekebisha.

Kwa wasioijua kazi yetu: chumba kile husikiliza anga. Nani anatangaza wapi, nani ameingilia masafa ya mwenzake, kelele gani inawasumbua marubani. Mafundi wa antena kama mimi tukiingia mle tunatamani kutoka haraka, maana mikwaruzo ya masafa mafupi huchosha kichwa. Yeye alikaa zamu nzima, kilemba kimefungwa juu ya hedifoni zisiteleze, chai ikipoa pembeni. Kazi ilimwingia mpaka kwenye ulimi. Hata nyumbani alimaliza mazungumzo ya simu kwa "Nimepokea, mwisho," na wifi yake alinuna kwa muda mrefu akidhani anakatiwa simu kwa dharau.

Atakumbukwa sana kwa sakata la uwanja wa ndege. Marubani walilalamika kwamba kila wakikaribia kutua, mngurumo unafunika sauti ya mwongozaji wa ndege. Wakubwa walihisi hujuma. Dada Masafa akachukua kipokezi cha mkononi, akakata mitaa kwa miguu, akaishia ndani ya duka la fundi cherehani. Fundi alipomwona tu akaanza kujitetea: "Dada, gauni lako lilikuwa liishe jana, ila umeme ulikatika!" Hakukuwa na gauni. Kulikuwa na mota mbovu ya cherehani, iliyorusha mngurumo ule hewani. Tukaibadilisha, marubani wakapumua, na yeye akashonewa gauni kweli, la shukrani.

Lakini huwezi kuandika habari zake ukaiacha sauti ya Alhamisi.

Kila Alhamisi, saa tisa alasiri, kwenye masafa mafupi ambayo hayakuwa ya mtu yeyote kisheria, zilisikika noti chache za filimbi, kisha mwanamume akasoma tarakimu kwa Kiswahili, tano tano, bila salamu wala jina la stesheni. Akimaliza, kimya. Stesheni za namna hiyo ziko nyingi duniani na hakuna anayekiri kuzimiliki. Wengine husema ni za majasusi, wengine husema ni mazoezi ya kijeshi. Sisi tulifanya utani, tukamwita Mwalimu wa Hesabu.

Dada Masafa hakucheka. Kaka yake mkubwa, fundi wa redio aliyemfundisha utotoni kutafuta stesheni za mbali, aliajiriwa melini kuhudumia mitambo ya mawasiliano. Aliaga, akaondoka, hakurudi. Hapakuja barua, hapakuja maiti. Na yule msomaji wa Alhamisi alikuwa akifika kwenye nane, anaivuta kidogo mwishoni, kama kaka alivyoivuta.

Alibaki na jambo hilo moyoni hadi likamshinda. Akaomba ruhusa, akamleta mama yake mzazi kituoni. Nilikuwepo, nafunga waya wa antena dirishani. Mama alikaa kwenye kiti cha binti yake, akavalishwa hedifoni, mikono mapajani. Filimbi ikalia. Akasikiliza mpaka tarakimu ya mwisho, bila kutikisika.

"Si yeye," akasema.

"Mama, sikiliza ile nane."

"Nimeisikia. Mwanangu namjua, si yeye." Akazivua hedifoni taratibu, akazishika kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Lakini huyu naye ana mama yake. Mtafute, mama, umwambie mwenzangu mwanawe yuko wapi."

Dada Masafa alitoka nje, akanawa uso bombani, akarudi kazini. Kuanzia siku hiyo hakumtafuta tena kaka yake. Alimtafuta yule mtu.

Kumpata kulihitaji vituo vitatu vipime mwelekeo wa mawimbi kwa wakati mmoja. Mistari ikikutana kwenye ramani, ndipo alipo. Ni kazi ya alasiri moja. Aliomba. Mkuu wa wakati huo akamjibu mbele yetu: "Huyo hamsumbui mtu. Hatukuajiriwa kutafuta mizimu." Aliomba kwa mkuu aliyefuata, akaambiwa asubiri. Mara mbili alipandishwa cheo kwenda makao makuu, mara mbili akakataa, kwa kuwa makao makuu hakuna vipokezi. Watu walimwona mjinga. Mama yake alifariki akiwa bado anauliza, "Yule wa Alhamisi mmempata?"

Mwaka jana mkuu wetu wa sasa aliridhia, na tunamshukuru. Vituo viwili vya mbali vikakubali kusaidia. Mimi mwenyewe nilipanda mlingoti kuikagua antena. Alhamisi ikafika, chumba kikajaa, hata mhasibu alikuja. Saa tisa ikapita. Ulisikika mvumo mtupu wa anga. Tukasubiri wiki iliyofuata, na nyingine, na mwezi mzima. Filimbi haikulia tena.

Siku tuliyokubali kuacha, yeye ndiye aliyetufariji. "Labda naye amestaafu," akasema, akacheka peke yake. Kisha akaomba apishwe kidogo, akafunga mlango.

Kuanzia mwezi ujao mtambo mpya utasikiliza wenyewe na kutuma taarifa kwenye kompyuta. Ni mtambo mzuri, haunywi chai, hauugui. Umepangwa kuripoti kinachosumbua tu. Mtu asiyemsumbua yeyote, anayesoma tarakimu zake mahali fulani na kunyamaza, utampita bila kumjali.

Dada, asante kwa masikio yako na kwa uvumilivu wako kwetu. Asante kwa marubani waliotua salama bila kukujua. Ulituomba alasiri moja tu, tukakupa wakati umekwishapita. Hilo hatuwezi kulirudisha, na zawadi tutakayokukabidhi ukumbini hailifidii. Tunasema pole, kwako na kwa mama wale wawili. Nenda kwa wajukuu wako, ukapumzike. Maisha yako ya mbele yawe mema, na Alhamisi zako ziwe za kwako.