Vijiti vya Ananie

Pale kwetu Vulamba, mahali njia ya soko inapokutana na njia ya kanisa, kuna benchi la mbao za libuyu. Ni zito hata waporaji waliopita mwaka jana walilijaribu wakaliacha. Mwanangu Ananie alilitengeneza kabla hajashuka Kyavinyonge, ziwani, kutengeneza mitumbwi. Alisema nikae nikiuza kahawa. Sijawahi kukaa. Wanakaa wanaume watatu ambao vita iliwatoa kazini: Préfet, aliyesimamia nidhamu kwenye sekondari iliyogeuka kambi, Transistor, ambaye redio yake haina betri lakini habari zake haziishi, na Pasteur Bado, aliyesomea uchungaji hata kanisa lake likamwambia bado. Ni mwaka huu wa 2000, askari wakibadilisha jina la kundi kama mtu anavyogeuza shati. Asubuhi ile wote tulijua jambo moja: Ananie amefungwa kule ziwani, kwa sababu ya mayai ya kobe.

— Ya kobe! akasema Préfet. Fundi muzima, mutu ya akili, anafungwa juu ya kobe!

— Kobe ya maji, nikamwambia huku nikipuliza makaa ya mbabula. Inatoka mu ziwa, inachimba mu muchanga, inataga, inarudia. Yeye na wenzake banapita asubuhi, banaona fasi muchanga inakwaruzwa, banasimika vijiti pembeni. Wavuvi basikokote mitumbwi pale juu, imbwa basifukue. Ni ile tu.

— Na nani anabatuma? akauliza Transistor.

— Hakuna. Banajitolea.

— Mama Ananie! Mu hii Congo mutu hata kuzika baba yake anangojea babembeleze. Anajitolea kwa kobe?

Wakacheka. Mimi nilihesabu vikombe, maana mikono ikikaa bure kichwa kinakimbia.

Kosa la mwanangu nililijua tangu dereva wa samaki aliponiletea habari. Wenzake walisimika matawi yoyote. Yeye hawezi kuona ubao usio laini akaupita. Aliviranda vile vijiti, vyote urefu mmoja, akafunga kitambaa chekundu juu ya kila kimoja, akavisimamisha mstari mmoja ukiangalia maji. Ingekuwa matawi, commandant wa askari wa ziwani angefikiri ni michezo ya watoto. Alipoona vijiti vilivyorandwa alisema haya si mambo ya mayai. Alisema ni alama za kuonyesha adui mahali pa kuegesha akivuka kutoka ng'ambo.

— Mi nitabaambia, akasema Pasteur Bado, akishusha sauti kama anataka kuomba. Ile kobe, ngozi yake ya juu risasi haiingie. Donc mutu akisaga, akichanganya na maji, akioga... Munanielewa? Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani? akauliza Préfet.

— Kibaba ya dawa. Ananie analinda dawa ya risasi.

— Pasteur, ndiyo maana kanisa ilisema bado, akasema Transistor. Hapana dawa. Ni redio. Huko inje bazungu banabandika kobe kiredio kidogo ku mugongo. Kobe anaogelea, anahesabu mitumbwi ya askari, anasema yote kule juu ku satellite. Ananie ni yeye anabadilisha betri.

— Betri? akasema Pasteur Bado. Na yako imekufa tangu Pasaka! Si angekuletea?

— Njo vile ninajua ni siri. Angeniletea, ningesema haiko siri.

Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye makaa alipunguza mwendo. Alijifanya anakaza kamba. Nikamtazama hadi akaondoka.

— Punguzeni sauti, nikasema.

— Mama, hapa tuko ku banc yetu, akasema Préfet. Na wote munakosa. Kobe akiinama anatunga sheria. Munajua maana yake?

— Maana yake ni mutu mupole anafikiri, akasema Pasteur Bado.

— Hapana! Maana yake kobe ni politique. Ziwa ile, nusu ni yetu, nusu ni ya ng'ambo. Kobe anavuka mupaka bila karatasi, anaenda, anarudia. Nani anaweza kupokea mutu wa kuvuka mupaka bila karatasi? Ni mukubwa ya jeshi. Mi nafikiri Ananie alishapewa grade zamani. Kapiteni ao zaidi. Randa ile ilikuwa ya kufunika macho.

— Ee! Njo maana hajaoa! akasema Transistor. Koloneli hawaoe mbele ya vita kuisha.

— Koloneli Ananie, akasema Pasteur Bado, akijaribu jina mdomoni kama anaonja chumvi.

Nikaweka birika chini kwa nguvu. Kifuniko kikaruka.

— Mutoto yangu iko mu cachot. Asubuhi alikuwa fundi. Sasa ni dawa, ni redio, ni koloneli. Yule ya makaa anapita fasi ya barrière ya askari. Akifika pale atasema nini? Atasema ameisikia kwa mama ya Ananie!

Wakaangalia njia aliyopita yule wa makaa. Neno la benchi letu hufika kwa askari kabla kahawa haijapoa. Wanalijua hilo kuliko mimi. Mwaka jana jirani mmoja alichukuliwa kwa mzaha wa hapo hapo, na hadi leo mke wake anapita upande mwingine wa njia.

— Tunacheka tu, mama, akasema Préfet. Si tunamujua? Mi nilimuchapa mwenyewe darasani juu ya kuchonga ku mbao ya pupitre.

— Mi karibu nimubatize, akasema Pasteur Bado.

— Alinitengenezea mulango, akasema Transistor. Mpaka leo inafunga bila kelele.

Wakati huo kamyo ya samaki ilisimama chini kidogo, ikaanza kupakia unga wa muhogo wa kurudi nao ziwani. Mwanamke mrefu alishuka, kitenge chake kikinuka samaki wa chumvi, akapanda moja kwa moja hadi kwangu.

— Njo wewe Mama Ananie?

— Ni mimi.

— Mi ni Séphora ya Kyavinyonge. Tunatembeaka naye ku muchanga, mi na yeye na wengine. Wengine balikimbia wakati askari balikuja. Mi nilibaki sababu ya samaki yangu.

Nilimpa kikombe. Alikunywa akiwa amesimama, akiangalia kamyo kila mara.

— Commandant amesema hivi. Kesho banamupeleka mbali, pamoja na wengine. Na wewe unajua bale ya kupelekwa, habarudiake. Mais amesema pia: kama watu wawili ya kartiye yake, majirani, banakuja leo, banasema tunamujua, ni fundi, baba yake alikuwa fulani, anamuachilia. Wawili. Na wasikuwe ndugu. Mama hahesabiwi, anasema kila mama mutoto yake ni malaika.

Akawageukia watatu wale. Hakuwa na hila yoyote usoni, ila uchovu wa njia.

— Nani hapa anamujua Ananie?

Nilingoja. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu: kuchapwa, kubatizwa, mlango usio na kelele.

Transistor aligeuza kitufe cha redio yake iliyokufa, kama atasikia jibu humo.

— Sauti yake ninaijua, akasema mwishowe. Mais watu wengi iko na sauti.

— Kujua ni neno kubwa, akasema Préfet.

— Mungu peke yake anajua watu, akasema Pasteur Bado, akafumba macho.

Séphora aliwatazama mmoja mmoja. Hakurudia swali. Honi ya kamyo ikalia.

— Naenda kumuzuia dereva, akaniambia. Kimbia.

Akashuka mbio. Mimi nikafunga birika, nikamwaga maji juu ya mbabula.

— Kahawa imeisha, nikasema.

— Mais birika inatoa moshi! akasema Transistor.

— Imeisha. Simameni.

Walisimama, vikombe mkononi, kwa sababu ya sauti niliyotumia. Ni sauti ya kuamsha watoto siku ya shule. Nikainama, nikashika benchi upande mmoja.

— Unapeleka wapi banc? akauliza Préfet.

— Ku kamyo. Commandant anataka kitu ya kartiye ya kusema Ananie ni nani. Ataweka vijiti pembeni ya hii banc. Atapitisha mukono hapa, atapitisha kule. Ataona mutu huyu aliranda hata kiti ya kuuzia kahawa, fasi ya chini kwenye hakuna mutu anaangalia.

Nikainua. Upande wangu ulipanda, ule mwingine ukakaa palepale kwenye udongo. Libuyu ni libuyu. Nikavuta hatua chache, miguu ya benchi ikichora mistari njiani. Sikumwomba mtu. Mgongo wangu ulishaniambia kwamba hautafika.

Halafu uzito ukapungua. Nikageuza kichwa. Préfet alikuwa ameweka kikombe chake mfukoni mwa koti, ameshika upande wa pili.

— Ku kamyo tu, mama, akasema. Mi sipande.

— Sijakuuliza.

Tukashuka. Pumzi yake ilikuwa ya mtu ambaye hajabeba kitu tangu shule ifungwe. Kabla ya kufika kwenye mfereji akasema:

— Kule ziwani ni baridi?

— Ni joto.

— Basi koti hii nitaiacha kwa nani?

Dereva alikuwa anapiga honi bila kuondoa mkono. Séphora alikuwa amepanda juu ya magunia, anatupungia. Nikaangalia nyuma. Transistor na Pasteur Bado walikuwa bado wamesimama mahali benchi lilipokuwa, hawajui wakae wapi. Wawili, alisema commandant. Nikawapigia kelele:

— Vikombe yangu! Muvilete ku kamyo!