Ulimi wa Masudi, Mpika Sabuni wa Kindu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Ijumaa tumemzika Masudi Bulaimu, mpika sabuni. Wengi wenu mmeogea kazi ya mikono yake miaka yote hii. Mwaka huu kazi hiyohiyo imewachuna ngozi. Nitayasema yote mawili.

Masudi alikuwa mpika sabuni. Kiwandani walipika mafuta ya mawese kutoka Pangi kwa soda kali, ile dawa inayounguza ngozi, iliyotoka ng'ambo. Masudi alichovya kijiti ndani ya pipa, akakipuliza, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, soda imezidi, moto uendelee. Isipouma, imeiva, wenzake wamimine. Kipimo kingine hakikuwepo. Mjane wake, mama Aziza, aliniambia: "Ata ku nyumba, ulimi yake njo ilikuwa mukubwa wetu. Mboga yangu ya sombe, kila siku: chumvi mingi, chumvi kidogo. Nilichoka!"

Sabuni hiyo ilipanda treni mpaka Kalemie, ikavuka ziwa, ikauzwa bila ushuru. Zaire ilikuwa ndani ya umoja wa biashara na majirani, na soda nayo iliingia kwa mlango huohuo.

Kisha serikali ikatutoa katika umoja huo. Mnaikumbuka siku ile tulipoitwa uwanjani kuushangilia uamuzi huo. Wafanyakazi walicheza ngoma, na Masudi ndiye aliyeongoza wimbo, jasho likimtiririka, akipiga kelele: "Soda tutatengeneza sisi wenyewe!" Hakuna aliyemlazimisha. Aliamini. Nasi tukashangilia kama watu waliopewa nyama ya bure.

Soda hatukuitengeneza. Ng'ambo ya ziwa sabuni yetu ikatozwa ushuru, wanunuzi wakatuacha. Wapikaji wengine wakafukuzwa, akabaki Masudi na ulimi wake. Direkta, mkuu wa kiwanda, akaleta mapipa ya soda yasiyo na alama, yaliyokuja kwa mtumbwi kutoka Lokandu. Hili kali, lile kali zaidi. Masudi akawa anaonja asubuhi, anaonja mchana, anaonja tena. Ulimi ukatoka vidonda. Vidonda vikashuka kooni.

Sasa sikilizeni mama Aziza. "Siku moja akakula sombe, akanyamaza. Kesho yake, akanyamaza tena. Nikafurahi! Nikasema, mwanaume wangu amekuwa muntu muzuri. Kumbe hakukuwa anasikia kitu tena mu kinywa."

Hakumwambia mkewe. Hakumwambia direkta. Mpika sabuni asiye na ulimi angepata kazi wapi? Akaendelea kuchovya kijiti, akaendelea kugusa, na kila pipa akasema limeiva.

Wasikilizaji wapendwa, kule mtaa wa Mikelenge wanawake walitoka kufua mtoni mikono yao ikiwa myekundu. Halima, binti yake Masudi, alikuwa amejifungua. Masudi mwenyewe alimpelekea mche wa sabuni mpya, zawadi ya babu. Walimwogesha mtoto. Povu likaingia machoni. Mtoto yu hai, Mungu ashukuriwe, lakini jicho la kushoto halioni.

Halima alikuja kwa baba yake, aliyekuwa amelala kitandani, koo limeziba, hata maji hayapiti. Alimwambia neno moja tu, mbele ya mama yake: "Papa, ungesema tu." Baada ya siku chache mzee akafariki. Njaa ilimuua, nyumbani mwake, chakula kikiwa mezani.

Direkta amehamishiwa Kinshasa, kwenye cheo kikubwa zaidi. Fundi wangu wa mitambo ananipungia mkono nyuma ya kioo, ananitaka nikome. Bruno, shusha mkono wako, namalizia.

Mama Aziza, pole sana. Halima, pole mara mbili. Ndugu, jamaa, na wenzake wa kiwandani mliobaki bila kazi, Mungu awape nguvu. Nanyi mnaonisikiliza, kesho mtaitwa tena uwanjani kushangilia jambo jingine. Kabla hamjapiga makofi, ulizeni kinachoahidiwa kitatoka wapi, na atakayekosea kipimo ni nani.

Jana asubuhi nilipita sokoni. Ile sabuni ya mwisho ya Masudi bado inauzwa, imepangwa juu ya meza. Nikamkuta Halima amesimama pale, mtoto mgongoni, ameshika mche mkononi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, binti yangu, hii? Hii hii?

Akaniangalia bila hasira. "Papa," akasema, "sabuni ingine iko wapi?"

Akalipa, akaenda.